Ubeti Uliokatwa

Tarehe 7 Julai ukumbi wetu wa shule ulijaa mpaka madirishani. Tangu UNESCO iitenge tarehe hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, sisi walimu wa Kiswahili wa Jinja tumepata walau siku moja ya kutandika vitambaa mezani na kukaribisha wageni kama watu wenye shughuli yao. Viti vya mbele walikaa wakubwa, na kati yao mzee mmoja wa Walukuba, mstaafu wa reli, aliyezaliwa Mombasa akaletwa huku na kazi akiwa kijana. Namwalika kila mwaka. Hahutubii, hadai soda ya pili. Anakaa tu na kofia yake ya viua, akisikiliza Kiswahili cha watoto wetu kwa uvumilivu mkubwa.

Kijana wangu wa kidato cha pili akapanda jukwaani, akavuta pumzi, akatangaza: "Shairi hili nimelitunga mwenyewe."

Mshororo wa kwanza tu nikalijua. Nilikuwa nimelifundisha kwa miaka, ingawa si kwa darasa lake. Nikabaki nimesimama mlangoni na kreti ya soda mkononi, sijui nifanye nini. Utamkatiza mtoto mbele ya wageni? Nikasema moyoni, tutaonana ofisini.

Lakini sikuwa peke yangu niliyelijua. Katikati ya ubeti wa pili nikaona midomo ya mzee inacheza. Ubeti wa tatu, sauti ikaanza kusikika. Kufika wa nne mzee yuko nusu mshororo mbele ya mtoto, watu wakadhani wamefanya mazoezi pamoja, wakapiga makofi. Ubeti wa tano ukaisha, kijana akainama kushukuru. Mzee hakuisha. Macho kafumba, akaendelea peke yake: "Kaditamati..." na mishororo minne kamili, ndani yake jina la mtunzi, kazi yake, na mtaa aliokuwa akikaa.

Ukumbi ukanyamaza. Mzee akafumbua macho, akamtazama mtoto bila hasira hata chembe.

"Mwanangu," akasema, "mbona mwenyewe umemwacha nje?"

*

Ofisini nilikuwa na hotuba tayari. Wizi wa maandishi, uaminifu, jina la shule, yote. Kijana akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani. Ilikuwa notsi zangu mwenyewe.

"Nimelitoa kwenye faili la kaka yangu, Madamu. Halikuwa na jina. Nikadhani halina mwenyewe." Akanyamaza kidogo. "Halafu nilipolikariri lote nikaona ni kama langu."

Niliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Beti tano, ukurasa mmoja, umejaa sawasawa hadi chini. Kumbe mkasi ulikuwa mkononi mwangu.

Mwaka 2022, Baraza la Mawaziri lilipopitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Uganda, wazazi ambao miaka yote waliniuliza somo langu lina faida gani walianza kuniuliza notsi zinapatikana wapi. Nikakaa usiku kuchapa. Shairi hilo nililitoa katika daftari la marehemu mwalimu wangu, aliyelipata kwa watu wa reli. Lilikuwa na beti sita. Tano ziliingia ukurasa mmoja. Wa sita ukadondokea ukurasa wa pili, mishororo minne peke yake kwenye karatasi nyeupe. Fotokopi ni shilingi 100 kwa ukurasa, nami nina wanafunzi wengi kuliko shilingi. Nikaufuta. Nakumbuka hata nilichojiambia: huu si ubeti wa maana, ni wa jina tu.

Ni wa jina tu! Mtu aliyesomea ushairi wa Kiswahili anasema hivyo. Washairi wetu, kabla mitambo ya kuchapa haijafika pwani, walikuwa wakijua fika kwamba shairi litatoka mdomo hadi mdomo, litavuka bahari, litanakiliwa na watu wasiowajua. Jalada la kuandikia jina halikuwepo. Basi wakalishonea jina ndani ya shairi lenyewe, ubeti wa mwisho, kwa vina na mizani, ili anayelikariri amkariri na mtunzi. Wengine walitia na mji, na tarehe ya Hijria. Ni ulinzi wa akili sana. Ukitaka kuiba shairi la namna hiyo lazima ulikate kiungo, na mwenye masikio atajua limekatwa.

Nami nililikata ili niokoe karatasi.

*

Kuna neno la Kilatini ambalo Wazungu wamelirithi kwa ajili ya kosa hili, na asili yake si wizi wa vitu. Plagiarius kwa Warumi alikuwa mteka watu: anayeiba mtumwa wa mwenziwe, au anayemkamata mtu huru na kumtia utumwani. Katika karne ya 1 kulikuwa na mshairi Roma aitwaye Martial, na kulikuwa na bwana mmoja, Fidentinus, aliyekuwa akiyasoma hadharani mashairi ya Martial kana kwamba kayatunga yeye. Martial akamwandikia vijishairi vya kumchoma. Katika kimoja anayafananisha mashairi yake na watumwa aliokwisha kuwaacha huru, na yule anayejidai ni mali yake anamwita plagiarius. Neno likabaki, ndilo plagiarism ya Kiingereza. Lilianza kama kejeli ya mshairi mwenye uchungu, leo lipo katika kanuni za vyuo vikuu.

Sisi huku tuna sababu ya kuielewa kejeli hiyo kuliko wengi. Mtu aliyetekwa akapelekwa mbali, jambo mojawapo la mwanzo alilofanyiwa lilikuwa kupewa jina jingine.

Martial ana kijishairi kingine ambacho ningekibandika katika kila chumba cha walimu. Anamwambia Fidentinus, kwa maana hii: kitabu unachokisoma ni changu, lakini kwa jinsi unavyokisoma vibaya, kinaanza kuwa chako. Nimecheka peke yangu kwenye teksi kwa ajili ya mstari huo. Na katika cha tatu anamwambia: ukikubali yaitwe yangu, nitakuletea bure, ila ukitaka yaitwe yako, nunua, ili yasiwe yangu tena. Yaani biashara ya kuandikiwa ilishatajwa, walau kwa mzaha, miaka karibu 2,000 iliyopita. Leo si mzaha. Nairobi kuna wasomi vijana walioendesha maisha kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani, na England imebidi itunge sheria mwaka 2022 kuharamisha huduma hiyo. Mimi mwenyewe, Kampala, nilikaa kibandani nisubiri hati yangu ichapwe, kijana wa kompyuta akaniuliza bila hata kuinua macho: "Madamu, ni ya kuchapa au ya kuandika?" Kama vile unaulizwa chai ya maziwa au ya rangi.

*

Darasani neno letu ni kukopi. Waganda husema okukoppa, na watoto wanalichukulia kuwa kosa la mtihani: kuchungulia karatasi ya jirani. Kwamba unaweza kukopi ukiwa umekaa peke yako chumbani, hakuna jirani, hakuna mtihani, hilo haliwaingii haraka. Wala siwashangai. Tangu darasa la kwanza kazi yao ni kunakili. Mwalimu anaandika ubaoni, mtoto ananakili daftarini, anakariri, anaandika tena kwenye mtihani neno kwa neno, anapata alama zote. Anayebadilisha neno ndiye anayekosa. Baada ya miaka kumi ya mafunzo hayo tunamwambia ghafla: andika kwa maneno yako. Yapi?

Nilipata insha moja, kichwa cha habari "Safari Niliyoifurahia". Mtoto wa Bugembe, hajawahi kuvuka mpaka wa Malaba kuingia Kenya. Akaandika: "Nikapanda daladala hadi Kariakoo." Daladala! Hapa kwetu watu wanapanda teksi au bodaboda. Nikamuuliza Kariakoo iko wapi, akasema ni karibu na Kampala. Nikamkata alama, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: SI YAKO. Nilijiona mwalimu hodari siku hiyo.

Kisha nikaziangalia insha nyingine thelathini. Katika kumi na moja jua lilikuwa "likipiga miale yake ya dhahabu", na jogoo "alikuwa amekwisha kutoa mlio wake wa mwisho". Maneno hayo niliwapa mimi. Nina orodha yake ukutani, nimeiandika kwa kalamu nene: mapambo ya insha. Niliyachukua katika vitabu vya Kenya nikiwa chuoni. Mtoto wa daladala nilimwadhibu, wa jogoo nikawapa tiki. Tofauti yao ni nini? Moja nilijua ilikotoka, nyingine nilikuwa nimesahau.

Ninavyoona mimi, methali haiibiwi. Ukisema "haba na haba" hakuna anayedhani umeibuni jana, na lugha isingekuwa lugha kama kila mtu angeanza na maneno mapya. Hata kuchukua shairi la mtu kuna njia yake ya halali katika jadi yetu: takhmisa. Mshairi anachukua mishororo miwili ya mwenzake, anatunga mitatu ya kwake, inakuwa ubeti wa mitano. Amechukua mchana kweupe. Msikilizaji anajua kipi cha nani, na raha yake iko hapohapo, kuona mgeni ameingiaje nyumba ya mwenyewe.

Tatizo linaanza pale msikilizaji anapofanywa aamini jambo lisilo kweli. Hilo nilifundishwa kabla ya kujua kusoma insha, tena si shuleni. Ustadhi wetu wa madrasa hakukubali mtoto aanze hadithi ya Mtume kwa "wanasema". Nani wanasema? Amesimulia fulani, kutoka kwa fulani, kutoka kwa fulani. Hiyo ni sanad, mnyororo wa wasimulizi, na bila sanad matini yake haitazamwi hata ikiwa tamu namna gani. Alikuwa akiturudia maneno ya Abdullah ibn al-Mubarak, aliyefariki mwaka 181 Hijria: sanad ni sehemu ya dini, na lau si sanad, kila mtu angesema atakalo. Wanazuoni hao walikuwa na jina hata la anayeificha: tadlisi, pale msimulizi anapomruka mtu aliyemsikia kweli, akafanya ionekane kaipata juu zaidi. Hakubadilisha neno lolote la matini. Kaficha tu alikoitoa. Na hilo peke yake lilitosha kumpunguzia mtu heshima.

Nilipokuja kusoma chuoni habari za kutaja vyanzo, mabano na mwaka na ukurasa, wenzangu waliona ni adhabu ya Wazungu. Mimi nikaona ni sanad, imevaa suti.

*

Watu huchanganya jambo hili na hakimiliki, na ni vitu viwili. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006. Hiyo hailindi wazo, inalinda namna wazo lilivyosemwa, mradi limetiwa katika umbo la kushikika, kama karatasi au kanda. Haki ya kufaidi mali hiyo humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Basi mtu anayetoa fotokopi kitabu kizima cha kiada na kukiuza kikiwa na jina la mwandishi juu kabisa, kavunja hakimiliki, ila hajamteka mtu: jina lipo. Na anayenyofoa maneno ya mtu aliyekufa miaka 300 iliyopita akayaita yake, hakimiliki hajaivunja, ilishakwisha. Amefanya lile jingine. Mara nyingi polisi hawana habari naye. Mahakama yake ni aibu. Ujerumani, Machi 2011, Waziri wa Ulinzi Karl-Theodor zu Guttenberg alijiuzulu baada ya kunyang'anywa udaktari wake, kwa sababu watu mtandaoni waliipekua tasnifu yake ukurasa kwa ukurasa. Mwaka mmoja baadaye Rais wa Hungaria, Pál Schmitt, naye akaondoka kwa njia hiyohiyo.

Ila sheria yetu haikulisahau jina. Inampa mtunzi haki ya kutambuliwa na kutajwa, mbali na haki ya pesa. Hata ruhusa anayopewa mwalimu kutumia kazi ya mtu darasani imefungwa na sharti hilo: taja kazi, taja mwenyewe. Niliposoma kifungu hicho nilikuwa na kalamu mkononi, nikaiweka chini.

Maana ujue, nilikuwa nakisoma kwa hasira zangu nyingine. Wiki chache kabla ya ile Julai 7 nilizikuta notsi zangu zikiuzwa kibandani, karibu na soko. Jalada la rangi, jina la mwalimu mwingine. Ukurasa wa kwanza, penye jina langu, umetolewa. Ndani hata makosa yangu ya kuchapa yalikuwepo yote. Niliandika "mizania" mahali pa "mizani", na mizania hiyo hapo. Niligomba na yule kijana wa fotokopi mpaka watu wakasimama. Alinijibu kwa upole: "Madamu, aliyeleta alisema ni zake." Nikaondoka natetemeka, nikaenda nyumbani kutafuta sheria. Na katika notsi hizo nilizokuwa nazililia, ukurasa wa 14, kulikuwa na shairi la mtu lisilo na jina.

*

Siku hizi wakuu wa vyuo wamenunua programu za kupima ufanano. Ninazitilia shaka, si kwa ubaya. Mashine inalinganisha mfuatano wa maneno na maneno iliyokwisha kuyaona. Inaweza kumpigia kelele mtu aliyenukuu kwa adabu zote, ikampitisha aliyezungusha maneno ya mwenzake. Na kwa sisi wa Kiswahili lipo tundu kubwa kuliko hilo: tafsiri. Chukua makala ya Kiingereza, igeuze Kiswahili, weka jina lako. Maneno hayafanani hata moja, mashine imelala. Nimesoma makala nyingi nzuri za afya na kilimo mtandaoni ambazo Kiswahili chake kinatembea kwa miguu ya Kiingereza, hawamtaji mtu, na ukizitafuta unaikuta ya asili ipo mahali, na mwenyewe hana habari kwamba ana pacha Afrika Mashariki. Kazi ya kutafsiri ni kazi ya heshima. Sijui kwa nini watu wanaona aibu kusema wametafsiri.

Hiyo mashine inayoandika yenyewe, wanafunzi wangu wanayo kwenye simu za kaka zao. Kiswahili chake hakina daladala wala teksi, hakina mahali. Hapo sina la kusema zaidi ya kwamba ukimuuliza mtoto neno moja gumu katika insha "yake" na akakutazama kama umemuuliza habari za jirani, umepata jibu.

Ila sahau nayo ipo, na sitaki kuwa hakimu. Mwaka 1892 Helen Keller, kipofu na kiziwi wa miaka 11, aliwekwa mbele ya jopo shuleni, kwa kuwa hadithi aliyoiandika ilifanana na ya mwandishi mwingine. Aliwahi kusomewa kwa vidole kiganjani, ikazama, ikaibuka akidhani ni yake. Huwa namfikiria ninapoitazama ile orodha yangu ya jogoo.

Kijana wangu hakusahau, hilo alilikubali. Nilimpa adhabu ya kunakili, ndiyo, kunakili: shairi zima, beti sita, kutoka kwa mdomo wa mzee.

Tukaenda Walukuba Jumamosi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibuni." Mtunzi, akatwambia, alikuwa fundi wa breki, mwenzake wa zamu. Jioni wakikaa nje ya nyumba za reli alikuwa akighani, na hakuna aliyewahi kulichapa shairi lake popote. Mimi nililipata kwa mwalimu wangu, naye kwa watu wa reli. Mzee kalisikia kwa mwenyewe. Sanad yake ni fupi kuliko yangu, na kwa wanaojua, sanad fupi ndiyo bora.

Akaanza kusoma, kijana anaandika. Ubeti wa tatu mzee akasema: "Gurudumu languruma."

Nikamsimamisha. Katika notsi zangu ni "gurudumu nguruma". Mizani saba, wakati mahali pake ni nane. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunyoosha mkono akauliza mbona imepungua, nami nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba huo ni uhuru wa mshairi.

"Uhuru gani?" mzee akauliza. "Yule bwana alikuwa akihesabu kwa vidole."

Muhula huu nimezichapa upya. Yule kijana wa kibandani, ndiye yuleyule, kwa kuwa ndiye mwenye mashine isiyokwama, akazipanga karatasi, akafika ukurasa wa 15, akaugeuza mbele na nyuma.

"Madamu, huu una mistari minne tu. Nikupunguzie herufi uingie ule wa kwanza? Unapoteza karatasi."

Nikamwambia auache hivyohivyo. Akahesabu wanafunzi 86, ukurasa mmoja wa ziada kila mmoja.

"Basi ongeza 8,600."